Maombi ya Mvua Ndogo kwa Ajili ya Baraza Letu la Mawe

Kutoka kwa Mzee Magamba,
Meza ya pembeni, karibu na bomba,
Soko la Samaki.

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Hali ya Hewa.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: JUA LENU LINALOHARIBU RANGI YA BARAZA LANGU, NA MAOMBI YA MVUA NDOGO JUMAMOSI ALASIRI

Salamu kwako na kwa wote mnaoshughulika na mawingu. Natumaini mu wazima. Sisi huku afya tunayo, furaha ndiyo imekauka, na nitakueleza kwa utaratibu jinsi ilivyokaushwa na idara yako.

Mimi ni muuza samaki. Sokoni wananiita Mzee Magamba kwa sababu ya magamba yasiyoisha kwenye mikono ya shati langu, na jina hilo sina ugomvi nalo. Si mtu wa kuwaandikia wakubwa. Mara ya mwisho niliandika kuhusu paka wa soko, nikajibiwa vizuri sana, kwa muhuri, na paka bado wapo. Lakini safari hii maji yamenifika shingoni. Au niseme kweli, maji hayajanifika kabisa, na hapo ndipo yalipo malalamiko yangu.

Mke wangu alitamani baraza la nyuma tangu tuhamie nyumba hii. Nyuma ya sebule palikuwa na udongo mtupu, kamba ya nguo na pipa lililopasuka. Yeye alipoangalia pale aliona viti viwili na meza ndogo, na mimi nimerudi sokoni, nimeoga (la kuoga ni sharti lake), tunakunywa chai na kuzungumza kama watu. Watoto wetu wameshaondoka, kila mmoja kwake, na jioni nyumba ina sauti ya friji tu. Nikasema sawa, tujenge. Naomba uikumbuke chai hiyo, Ndugu Mkurugenzi, kwa sababu barua hii inahusu chai hata pale nitakapoonekana nazungumzia mawe.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kwamba jua lenu lilibadilisha mawe yetu baada ya kuuziwa.

Tulikwenda kwa muuza mawe watu watatu: mimi, mke wangu, na dada yake mkubwa, yaani shemeji yangu, ambaye hufika bila kualikwa popote penye kuchagua kitu. Uani kwa yule bwana kulikuwa na vigae vya kila namna. Mke wangu alivipita vya udongo, akavipita vya saruji, akavipita vile vya kung'aa ambavyo shemeji alikuwa ameshaanza kuvipapasa. Akasimama kwenye sleti. Ni jiwe la asili, linachanika tabaka tabaka kama kitabu kilicholowa, na kila bamba lina sura yake. Muuza mawe alikuwa muungwana. Kabla ya kutuonyesha jiwe alilimwagia maji ya kopo, akalipangusa kwa kiganja, na rangi zikajitokeza: bluu iliyokolea, zambarau, kijani, na katikati mstari wa rangi ya kutu. Mke wangu akashika kifua. Shemeji akatamka kwamba angekuwa yeye angechukua vya kung'aa. Papo hapo mke wangu akachukua sleti.

Najua unachofikiri sasa. Unafikiri, huyu mtu anawanyunyizia samaki maji kutwa nzima ili waonekane wamevuliwa muda huu, ilikuwaje asishtuke? Sikushtuka. Samaki ni kiumbe wa majini, na kumnyunyizia maji ni kumheshimu. Jiwe nalo nilidhani linatolewa vumbi tu kwa ajili ya wageni. Mtu mwenye ujanja wangu hategemei kukutana nao kwa mwingine, tena kwenye mawe. Tuliyapakia yakiwa yamelowa, tukayashusha yakiwa yamelowa, na mimi nikalala nikiwa mume bora. Asubuhi jua lenu lilipokaa sawasawa, rundo zima lilikuwa la kijivu. Si kijivu cha heshima, ni kile cha sufuria iliyosuguliwa mpaka ikachoka. Simlaumu muuza mawe, yeye aliuza mawe yenye rangi. Walioyakausha ni ninyi.

2. Kwamba mlisema hakutakuwa na mvua, na kweli haikuwapo.

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Fundi wetu ni mtu wa maneno machache na mluzi mwingi. Alitandaza kokoto, akashindilia, akaweka mchanga, kisha akatuambia tuyapange mawe makavu juu yake kwanza, bila saruji, ili tuchanganye rangi, na yale manene yakae pamoja. Rangi za kuchanganya hazikuwapo tena, lakini mke wangu hakukata tamaa. Alitembea pekupeku juu ya yale mawe, akihamisha hili, akirudisha lile, akisimama mbali na kuinamisha kichwa. Mimi nilisema kila mpangilio ni mzuri, jambo ambalo niliambiwa si msaada.

Ndipo fundi akaweka pimamaji lake, akauliza baraza liinamie upande gani. Hilo swali nililijua vizuri kuliko swali lolote nililowahi kuulizwa maishani. Meza ya samaki ikikaa sawa, mnunuzi anaona samaki wa mbele tu. Ukiiinamisha kuelekea kwake, anamwona kila mmoja mpaka mkia wa mwisho, na anafungua pochi. Nikamwambia fundi baraza liinamie sebuleni. Mgeni akikaa kwenye kochi letu, mlango ukiwa wazi, aletewe baraza lote mbele ya macho kwenye sinia.

Fundi aliacha kupiga mluzi. Akauliza kuhusu mvua. Nikamfungulia redio, na idara yako yenyewe ikamjibu: kiangazi kirefu, anga kavu, hakuna dalili. Fundi akanyanyua mabega, akachanganya saruji, akajaza chini ya kila jiwe, akaligonga kwa nyundo ya mpira mpaka likalala. Basi nauliza kwa unyenyekevu. Ofisi zote ninazozijua zikitangaza jambo haliwi. Maji yakitangazwa hayaji, barabara ikitangazwa haitengenezwi. Ilikuwaje ninyi mkaamua kuwa wakweli kwangu mimi?

3. Kwamba nimelazimika kufanya kazi ya idara yako bila mafunzo.

Tangu saruji ikauke, mimi ndiye mvua ya nyumba hii. Nikirudi sokoni nachukua ndoo na kile kifagio changu cha kunyunyizia samaki, naanza juu kwenye kamba ya nguo nikishuka kuelekea mlangoni. Rangi zinatoka, Ndugu Mkurugenzi, zinatoka zote, mtu anaweza kulia. Namwita mke wangu. Hadi amefunika sufuria na kupata kandambili zake, upande wa kamba umeshakuwa kijivu na mimi nimesimama mbele yake nikinyooshea kidole jiwe moja la mwisho. Yale maji machache yanayotiririka mpaka mlangoni nayapangusa kwa tambara, hayana neno.

Jirani ananichungulia juu ya ukuta. Zamani alinisalimia kwa kunizomea habari za mpira. Siku hizi ananisalimia kwa sauti ya chini na kuniuliza kama nakula vizuri.

Na hata nikifanikiwa, kuna tatizo lingine. Baraza likiwa zuri limelowa, halikaliki. Likikalika, si zuri.

4. Kwamba jua lenu lilinikaangia baraza.

Muuza mawe alinieleza kuwa ipo dawa maalumu ya kupaka, inayofanya jiwe lionekane limelowa siku zote. Nikarudi nyumbani nikitafakari. Kitu kinachoonekana kimelowa siku zote ni mafuta, na mafuta ninayo. Nikapaka yale ya kukaangia, kwa kitambaa, jiwe kwa jiwe, na nakuapia lilikuwa baraza zuri kuliko yote niliyopata kuona. Mke wangu alitoka na kiti chake. Alikaa. Alitabasamu. Mimi nikakimbilia jikoni kuinjika birika.

Birika halijachemka, jua lenu likayapata yale mafuta, na mafuta yale yalikuwa yamekwisha kukaanga samaki wengi. Harufu ilipanda. Wakaja paka, kwanza wa jirani, kisha wa mtaa, na mwishoni, sina ushahidi lakini nawajua kwa sura, wa soko. Waliramba baraza kwa bidii na kwa mpangilio. Mke wangu aliinua miguu juu ya kiti akawa hawezi kushuka. Wakati huohuo fundi akafika kufuata pimamaji lake alilolisahau, akakanyaga upande wa juu kwenye kamba ya nguo, na kwa kuwa baraza linainamia sebuleni, naye akaelekea sebuleni. Alipita mlango wa nyuma, akapita kapeti, akasimama kwenye kabati la vyombo akiwa wima, na mluzi wake haukukatika hata kidogo. Lile kabati sasa lina kioo kimoja. Mafuta tuliyaosha kwa sabuni, na kiti cha mke wangu kikarudi ndani. Kama mngeleta wingu moja tu siku hiyo, hakuna ambaye angenusa chochote.

5. Kwamba suala hili limefika kwa shemeji.

Siku ile ya kwanza, mawe yakiwa bado yamelowa kwenye gari, mke wangu alimpigia dada yake simu. Dada huyo alikuwa amebaki nyuma kwenye vigae vya kung'aa kwa hasira, hakuyaona yakipakiwa. Mke wangu akamweleza bluu, akamweleza zambarau, akamweleza kijani, na nadhani akatia chumvi kidogo. Sasa shemeji ametangaza kuja Jumamosi, yeye na mumewe, wakae kwenye hilo baraza wajionee wenyewe.

Inabidi umfahamu shemeji yangu. Ndiye aliyemchagulia mke wangu sare za shule, akamchagulia mtindo wa nywele, akamchagulia mapazia ambayo mpaka leo yananitazama. Kitu cha kwanza mke wangu alichochagua peke yake ni mimi. Cha pili ni haya mawe. Sote wawili tulionekana vizuri zaidi siku ya kwanza, na shemeji ameshayasema yake juu ya mmoja wetu.

Sasa mke wangu hatoki nje. Anafagia baraza asubuhi bila kuliangalia, kisha anafunga mlango. Chai anakunywa jikoni amesimama, mimi nakunywa mlangoni nimesimama, na tunazungumza habari za gesi. Inaniuma. Nasema hivyo bila kuzunguka, kwa kuwa wewe ni mgeni kwangu na hutanicheka usoni. Nimejenga mahali pa kukaa na mke wangu, na tumekaa pamoja kidogo kuliko wakati pale palipokuwa na pipa.

6. Maombi.

Kutokana na hayo, naomba mvua. Si kubwa, mimi si mtu wa tamaa. Naomba ianze Jumamosi saa tisa na nusu alasiri, shemeji akiwa anavua viatu. Iwe nyepesi, ya kunyunyiza, isiyo na upepo. Inyeshe kuanzia kamba ya nguo hadi ukuta wa jiko. Nguo tutazianua wenyewe. Kwa jirani isivuke, maana hajachangia. Ikishalowesha mawe yote ikome, watu wapanguse viti, na badala yake liletwe wingu zito lisimame juu ya nyumba yetu mpaka shemeji amalize kikombe cha pili na akiri kwa mdomo wake kwamba rangi ni nzuri. Akishakiri, mnaweza kurudisha jua, hata lile kali, asindikizwe nalo.

Ikiwa mvua ya ukubwa huo haipo ghalani, nitapokea ukungu. Ikiwa ukungu nao umekwisha, naomba afisa mmoja mwenye kopo la kumwagilia, avae nguo za kijivu ili asionekane akiwa juu ya mawe. Na ikiwa hata afisa hapatikani, basi kwenye taarifa ya Ijumaa mtangaze rasmi kwamba Jumamosi, kutokana na hali ya hewa, rangi zitafifia nchi nzima, na wananchi wasishangae wakiona vitu vya kijivu. Hilo halitawagharimu chochote, na shemeji huamini sana taarifa ya habari.

Msiponijibu, nitalazimika kuacha kusikiliza utabiri wenu, na nitawashawishi wenzangu wote wa soko la samaki tuwe tunachungulia dirishani. Mkinijibu vyema, kuna samaki wako kwenye meza yangu. Hii si hongo, ni sampuli, na naahidi huyo sitamnyunyizia kitu.

Naiweka kalamu chini nikiwa na imani kubwa na mawingu ya taifa letu. Nisalimie wapima upepo, nisalimie yule mama mwenye sauti nzuri anayesoma viwango vya joto bila kuonyesha huruma, nisalimie walinzi wa getini, na yeyote anayehusika moja kwa moja na Jumamosi msalimie mara mbili. Mke wangu angewasalimu pia, ila hajui kwamba nimewaandikia.

Mimi mwananchi wako mkavu,

Mzee Magamba

Tanbihi: Ndugu Mkurugenzi, bahasha ilikuwa mkononi, gundi nimeshailamba, ilipoanza kunyesha. Leo ni Alhamisi. Sijui nani huko kwenu amesoma barua ambayo haijatumwa, lakini amesoma haraka mno na hakufika kwenye neno "nyepesi".

Rangi zilitoka zote kwa mkupuo. Nikamwita mke wangu, akaja mbio bila kandambili, tukasimama mlangoni tukitazama bluu, zambarau na kijani vikimeremeta. Tulitazama kwa raha mpaka maji nayo yalipotutazama sisi. Yalitoka kwenye kamba ya nguo, yakakusanyika, yakateremka kwa adabu mpaka mlangoni, yakatupita katikati ya miguu na kuingia sebuleni. Baraza liliwaleta samaki wote kwa mnunuzi, kama nilivyoagiza. Kapeti liliinuka. Kochi likalowa. Ndala zangu zilielea mpaka kwenye kabati la vyombo, zikapumzika palepale alipopumzika fundi.

Kwa kuwa ndani hapakuwa na pa kukaa, mke wangu alibeba viti viwili vya jikoni akaviweka upande wa juu kabisa wa baraza, kwenye kamba ya nguo, ambako maji hayasimami. Mimi nikaleta mwavuli na birika. Nilitarajia aangalie mawe. Hakuyaangalia. Aliangalia mto wa kochi ukizunguka sebuleni taratibu, ukitafuta njia ya kutokea, akacheka mpaka akanishika bega asianguke. Jirani alichungulia juu ya ukuta, akatuona wawili tumekaa kwenye mvua na vikombe, akarudi kwake bila kuuliza kama tunakula vizuri.

Kwa hiyo naomba ufute namba 1 hadi 6. Namba 2 ifute kwa kalamu nzito, maana fundi amepita, ametazama sebule, na ameanza kupiga mluzi wimbo nisioupenda. Badala yake naomba jua. Naomba lile kali kabisa, mchana kutwa Jumamosi, kwa sababu kapeti limelowa chepechepe na mahali pekee panapotosha kulianika ni juu ya baraza, na kapeti hilo linalifunika baraza lote, halibaki jiwe hata moja nje. Shemeji atakaa hapohapo juu ya kapeti. Akiuliza rangi za mawe ziko wapi, mke wangu amesema atamjibu zipo chini, zimehifadhiwa, na kwamba yeye mwenyewe ameshaziona.

Chai tulikunywa, Ndugu Mkurugenzi. Mvua iliingia kwenye kikombe changu, na sikulalamika.